Meza Moja, Vyungu Vingi: Somo kwa Kikundi Kinachotaka Kufungua Hoteli ya Mtaa

Kikundi kikishaweka akiba kidogo, mara nyingi wazo la kwanza ni hoteli. "Watu lazima wale," husema wanachama. Ni kweli, watu lazima wale. Lakini si lazima wale kwako! Wanaweza kula kwa jirani, au nyumbani kwao, au kwa mama anayekaanga viazi pale kituo cha matatu.

Kwa hivyo tumeona tuzungumze juu ya hoteli ya aina moja: ile ndogo ya mtaa, yenye mabenchi na jiko la makaa, ambayo wapishi wake wametoka sehemu mbalimbali na kila mmoja amekuja na mapishi ya kwao. Mfano wetu ni mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa. Hata kama ninyi mko kijijini, msiseme somo hili ni la watu wa mjini. Kila soko la njia panda, kila kituo cha lori na kila penye shule ya bweni sasa kuna watu waliotoka kwingine, nao wanatamani chakula cha kwao.

1. Hoteli huanzia uani

Ziwa la Ng'ombe uko bara ya kaskazini ya Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani na kulipita soko la Kongowea, hauko mbali. Zamani ulihesabiwa katika eneo bunge la Kisauni; tangu uchaguzi wa 2013 uko katika eneo bunge la Nyali. Jina lake lingali la maji na mifugo, lakini leo ni nyumba kwa nyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Mombasa nzima, na wengi wao hukaa katika mitaa kama huu, karibu na kazi za bandari, viwanda, soko na hoteli za ufuoni.

Angalieni jinsi watu wanavyoishi. Nyumba nyingi za kupanga ni zile za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Chumba cha kwanza ana jamaa kutoka Kilifi. Cha pili, kutoka Machakos. Cha tatu, Siaya. Cha nne, mama mzaliwa wa Mombasa ambaye babu yake alikuja na jahazi kutoka Yemen. Majiko yote yako uani. Mmoja akikaanga kitunguu, wote wanajua. Mmoja akipungukiwa na chumvi, anaomba kwa jirani, na kesho yake jirani anaonjeshwa mchuzi. Miaka ikipita, watoto wa Machakos wanataka maharagwe yao yatiwe tui, na watoto wa Kilifi wanadai chapati kila Jumapili.

Hivyo mapishi huanza kukutana kabla ya hoteli kujengwa. Kikundi kinachofungua hoteli hakianzi na mikono mitupu, kwa sababu ujuzi tayari uko uani. Kazi yake ni kuupanga.

2. Kila chakula kina safari yake

Kabla ya kusema "hiki ni chetu na kile ni cha wageni", tuangalie sahani zetu vizuri. Mengi tunayoyaita ya asili yalikuja kwa safari.

Wali na nazi vilifika pwani yetu kutoka Asia kwa njia ya bahari, zamani sana. Pilau na biriani vimetoka upande wa Uajemi na Uhindi. Kachumbari, achari na bajia ni majina ya Kihindi, na vyakula vyenyewe pia. Mahamri ni jina lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa neno hamira, maana yake kitu kilichochachuka. Mkate wa mofa huokwa katika tanuri la udongo kama wafanyavyo Wayemeni.

Chapati nayo? Ilikuwapo kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani, lakini ilipata nguvu ya kuingia bara wakati wa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Uhindi, na wapatao 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Walikuja na unga wao wa ngano, dengu na viungo. Leo mtoto wa Kakamega au wa Meru asiyepata chapati siku ya sikukuu analia, ati hakuna sikukuu!

Na sima? Mahindi asili yake ni Mexico, ingawa jina letu linataja Uhindi. Muhogo, pilipili, nyanya na karanga pia ni mazao ya Amerika, yakafika kwetu baada ya Wareno kuanza kuja pwani hii mwaka 1498. Waliokuwapo Afrika tangu mwanzo ni mtama na wimbi, ambao siku hizi tunawasahau.

Mbaazi asili yake ni Uhindi. Lakini leo hulimwa sana Machakos, Makueni na Kitui, na mpwani akizipika kwa nazi na kuzila na mahamri asubuhi, hakuna anayeuliza pasipoti ya mbaazi.

Tunasema haya kwa sababu kuna kikundi kinachoweza kuvunjika kwa maneno matatu: "Chakula cha kwenu." Mkishajua kwamba kila sahani iliwahi kuwa ngeni, maneno hayo yanapungua ukali.

3. Kuchanganya si kuvuruga

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wengine wakisikia "mapishi mchanganyiko" wanafikiri ni kutia kila kitu katika sufuria moja. Hapana. Mapishi hukutana kwa njia tatu, na ni vizuri kikundi kizijue.

(a) Kukaa jirani katika sahani. Chapati ya Kihindi na maharagwe ya nazi. Sima na samaki wa kupaka. Hapa kila chakula kinabaki kama kilivyo, ila vinakutana mezani. Hii ndiyo njia rahisi, na hoteli changa ianze nayo.

(b) Kuazima ufundi. Mboga ya mnavu ni chungu. Wajaluo kule kando ya Ziwa Victoria huilainisha kwa maziwa. Wapwani mboga chungu, kama mchunga, huilainisha kwa tui la nazi. Nia ni moja, dawa mbili. Mpishi anayejua zote mbili anaweza kumpikia mteja wa bara na wa pwani kwa fungu moja la mboga. Lakini ufundi ukiazimwa uazimwe wote. Anayepika kwa nazi mara ya kwanza humimina tui zito mwanzoni na kuacha lichemke kwa moto mkali, kisha anashangaa likikatika. Mwenyeji atamwambia: anza na tui jepesi, la zito liwe la mwisho, moto mdogo, na koroga.

(c) Kuzaa chakula kipya. Mfano mzuri ni urojo wa Zanzibar: uji mwepesi wa unga wa ngano wenye uchachu wa embe au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki na chatini. Kuna Uhindi humo, kuna Uarabuni, kuna Afrika, na jina ni la Zanzibar. Chakula cha namna hii hakipangwi kwenye mkutano. Huchukua miaka na ndimi nyingi. Basi msijilazimishe kuvumbua. Pikeni vizuri mnachokijua, na kipya kitakuja chenyewe.

Ndiyo maana tumeliita somo letu Meza Moja, Vyungu Vingi. Kinachounganishwa ni meza, mfuko na kuaminiana. Chungu kibaki na mwenye kukijua. Muthokoi apike aliyekua akiyatwanga mahindi kwenye kinu ili kutoa makapi. Mahamri apike anayejua unga ukiumuka vya kutosha bila kutazama saa. Mkishikilia kwamba kila mtu apike kila kitu kwa zamu, ati ndiyo usawa, mteja atakula mahamri mazuri Jumatatu na mawe Jumanne. Jumatano haji.

4. Sufuria inayoaminiwa na wote

Katika mtaa kama Ziwa la Ng'ombe, Waislamu na Wakristo wanapanga nyumba moja. Wako pia watu wenye miiko mingine. Msabato hali samaki asiye na magamba, wala pweza. Mhindu wengi wao hawali nyama, na hawapendi mboga yao iguswe na mwiko uliotoka kwenye mchuzi wa nyama.

Mteja haoni jikoni. Anakula kwa kuamini. Imani hiyo ikivunjika mara moja, habari hufika mtaa mzima kabla ya sahani kuoshwa. Kwa hivyo kikundi kiandike masharti ya jikoni siku ya kwanza, kabla ya kununua hata kijiko:

• Nyama yote na kuku wote wawe wamechinjwa kwa njia ya halali. Mkristo hapungukiwi na kitu kwa kula nyama hiyo, lakini Mwislamu hawezi kula isiyokuwa hiyo.
• Nguruwe na pombe visiingie katika jengo, hata kwa chakula cha mpishi mwenyewe.
• Chakula cha mboga tupu kiwe na sufuria yake na mwiko wake, vyenye alama.
• Mteja akiuliza "Hiki kina nini?" ajibiwe ukweli, hata kama ukweli utamfanya aondoke.

Mwezi wa Ramadhani nao upangiwe mapema. Wateja wa mchana watapungua. Hoteli yenye busara huweka pazia mlangoni kwa heshima ya waliofunga, hupika kidogo mchana, na kuhamishia nguvu kwenye futari: muhogo wa nazi, viazi vitamu, maharagwe, kaimati, na uji wenye pilipili manga. Mpishi Mkristo akijifunza uji huo kwa mwenzake Mwislamu, hakuna aliyebadili dini. Amepata kazi ya mwezi mzima.

5. Neno juu ya amani

Hatuwezi kuzungumza juu ya mtaa mchanganyiko wa Mombasa na kunyamaza juu ya mwaka 1997. Mwezi wa Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na fujo zikaelekezwa kwa watu waliotoka bara. Zaidi ya watu 100 walikufa katika siku na wiki zilizofuata, na maelfu kwa maelfu walikimbia nyumba zao. Watu waliokuwa wakiombana chumvi waliogopana.

Hatusemi sahani ya wali inaweza kuzuia panga. Hatudanganyani hapa. Waliokimbizwa mwaka ule walikuwa wamekula na majirani zao, na bado walikimbizwa. Lakini tunasema hivi: kula pamoja peke yake ni jambo jepesi, kumiliki pamoja ni zito zaidi. Kama mama wa Kilifi na mama wa Siaya wana daftari moja, akiba moja na sufuria walizonunua kwa jasho la wote wawili, kila mmoja ana sababu ya kuuliza, "Mwenzangu yuko wapi leo? Mbona hajafika?" Hapo urafiki una mizizi, si majani tu.

Kwa sababu hiyo maneno ya jikoni yachungwe. Mzaha wa kabila, wa harufu ya chakula cha mwenzako, au wa "nyinyi watu wa bara" na "nyinyi watu wa pwani", huanza kwa kicheko na kuishia na mtu kubeba mwiko wake kwenda. Mwenyekiti akemee mapema, na akemee wote sawa.

6. Hesabu ya chapati

Vikundi vingi hupika vizuri na kufa kwa hesabu. Tufanye mfano mmoja. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Kila kikundi kiandike bei ya soko lake.

Gharama ya chapati 28:
Unga wa ngano kilo 2: sh. 200
Mafuta ya kupikia: sh. 90
Chumvi na sukari: sh. 10
Makaa: sh. 50
Maji: sh. 10
Jumla: sh. 360

Chapati moja inauzwa sh. 20. Zikiisha zote 28 mtapata sh. 560. Toa 360, zinabaki sh. 200. Wanachama watafurahi.

Lakini ngoja kwanza. Mbili zililiwa na mtoto wa mpishi na rafiki yake. Mbili zilibaki hadi usiku. Zilizouzwa ni 24, yaani sh. 480. Toa 360, zinabaki sh. 120. Chapati nne tu zimechukua sh. 80, ambazo ni 40 katika kila shilingi 100 za faida mliyoitarajia! Na hatujalipa kodi ya nyumba, wala waliopika tangu alfajiri.

Tunajifunza nini hapa?

Kwanza, chakula cha bure kiandikwe. Mpishi ale, ni haki yake, lakini iwe sahani moja inayojulikana, nayo iingie katika gharama.

Pili, chapati peke yake haiwezi kulisha kikundi. Kazi yake ni kumleta mteja, ambaye ataongeza maharagwe na chai.

Tatu, hapa ndipo mchanganyiko unaposaidia mfuko. Chagueni vyakula vinavyotoka katika kikapu kimoja. Nazi mnazokuna asubuhi zitoshe maharagwe, mbaazi, wali na mboga. Vitunguu na nyanya ni vya wote. Mkiweka vyakula vitano visivyofanana hata kidogo, mtanunua vikapu vitano, na vinne vitaoza. Chakula cha pekee, kama muthokoi au biriani, kipewe siku yake katika wiki. Wateja watajua, "Ijumaa ni biriani," nao watakuja na wenzao.

Nne, deni. Fundi wa ujenzi hulipwa mwisho wa wiki, kwa hivyo kuna kukopesha. Lakini kuwe na kiwango, kuwe na daftari, na mwanachama asimkopeshe ndugu yake bila kuandika. Anayemwogopa mwenzake kuandika deni ndiye anayekiua kikundi polepole.

7. Usafi na sheria

Katika Kenya, kila anayeshughulika na chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya kila miezi 6 na kuwa na cheti chake. Jengo nalo hukaguliwa na afisa wa afya. Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Msisubiri mfungiwe. Nendeni wenyewe mkaulize kinachotakiwa na ada yake, na mdai risiti.

Kila chakula pia kina hatari yake, na mgeni katika chakula hicho huenda asiijue:

• Wali uliolala nje sufuriani huweza kuwa na vijidudu vinavyoacha sumu. Kuupasha moto hakuondoi sumu hiyo. Usikae zaidi ya saa mbili bila moto wala ubaridi. Pikeni kidogo, mara mbili kwa siku.
• Tui la nazi huharibika upesi katika joto la pwani. Likichacha, mwaga. Usijaribu kulificha kwa bizari.
• Mahindi na karanga zenye kuvu zina sumukuvu, ambayo haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo nchini Kenya na 125 walikufa, wengi wao huko Makueni na Kitui. Mahindi yenye unyevu msinunue, hata yakiwa rahisi namna gani.
• Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ya mpishi na ya mteja. Dumu lenye bomba dogo linatosha.

8. Maswali ya kujadili katika mkutano

Kaeni duara, mmoja asome, mwingine aandike.

1. Kila mwanachama ataje chakula kimoja alichofunzwa na mama au bibi yake. Ni vingapi vinaweza kuuzwa hapa kwetu?
2. Ni vitu gani vya kikapu kimoja vinavyoweza kutoa vyakula vitatu?
3. Jirani yupi hawezi kula kwetu leo, na kwa sababu gani? Tufanye nini aweze?
4. Mpishi wetu wa mahamri akiugua wiki mbili, nani ataingia? Amefunzwa tayari?
5. Mwenzetu akitoa mzaha unaoumiza, nani ana ruhusa ya kumkataza?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apike chakula chake kwa watu sita, aandike gharama yote hadi kiberiti, kisha akilete. Wanachama waonje na waseme ukweli. Chakula kilichosifiwa na watu wa kwao peke yao kingojee kwanza. Kile ambacho watu wa kwingine wameomba waongezwe, anzeni nacho.